Hili Si Ua, Hili Ni Karara

Bibi alinyoosha mkono akasema, "Hebu nilione na mie."

Biharusi alikuwa ameketi kitandani, hina imeshakolea, wanja umekaa, chetezo cha udi kinafuka karibu na miguu yake. Chumba cha ndani cha nyumba moja ya Ngamiani, saa tisa na nusu alasiri, joto la Tanga la mwezi wa pili, na feni ya darini inayozungusha joto lile lile. Wanawake kama kumi na watano ndani. Mimi nimesimama mlangoni na boksi langu kama mtu aliyeleta keki nyumba siyo.

Shada nilikuwa nimeshalikabidhi. Kala kumi na mbili nyeupe, mashina marefu, utepe mmoja wa satini, basi. Wenzake biharusi walishatoa simu.

Bibi ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Kuona kwake ni kwa vidole. Biharusi akamwekea shada mapajani, na Bibi akachagua ua moja lililochomoza pembeni, akaanza nalo kutoka chini. Akalibonyeza shina, akalibonyeza tena juu kidogo.

"Hili gimbi hili."

Chumba kizima kikacheka. Yeye hakucheka. Vidole vikapanda mpaka kwenye weupe, vikauzunguka ule mdomo uliojikunja, vikaushika kama mtu anayekagua kitambaa dukani, kidole gumba ndani, vinne nje.

"Na hili si ua. Hili ni karara. Ua lenyewe ni huu upunga humu ndani." Kidole kikaingia, kikatoka na unga wa njano. Akakipeleka puani. Akangoja. Akavuta tena.

"Na halinukii."

Akalirudisha shada kwa mjukuu wake, akajifuta kidole kwenye kanga.

Nilicheka na wenzangu, nikapanga mkia wa utepe, nikatoka mbio kwenda ukumbini. Wiki sita zimepita tangu siku ile, na nimeianza makala hii mara nne nikaifuta mara nne.

Mapambo yenye kimya

Biharusi huyu anafanya kazi Dar. Alinipigia simu mwezi wa kumi na moja, akanitumia picha: meza ndefu, kitambaa kisicho na marinda, vyombo vya kioo virefu, ndani ya kila kimoja mashina matatu ya kala. Hakuna taa za rangi, hakuna mapazia ya dhahabu nyuma ya jukwaa. Hakuna ua la plastiki hata moja.

"Anti, mie nataka mapambo yenye kimya," alisema.

Mnaonisoma siku nyingi mnajua kumbi zetu. Mnajua nimekuwa nikiishi kwa kuviringisha vitambaa kwenye nguzo. Kwa mwaka wa saba sasa kazi yangu ni kujaza. Kona ikibaki tupu, mtu wa kamati atainyooshea kidole. Kwa hiyo mtu aliponiambia anataka kimya nilisema ndiyo kabla hajamaliza sentensi.

(Jina, kabla hatujaenda mbali. Kamusi zitakupa yungiyungi, zitakupa nyinyoro, lakini ukienda kwa muuza maua na neno nyinyoro atakuuliza unatafuta dawa ya nini. Sisi wapambaji tunasema kala, na tunalipeleka hivyo hivyo kwa umoja na kwa wingi, kwa sababu ukilitia ma- mbele linageuka hili unalosoma.)

Kala ni ua la mchoraji. Mstari mmoja unapanda, unajikunja mara moja, umekwisha. Waridi lina mambo mengi, lina tabaka na vivuli, ukiyasogeza mawili karibu yanaanza kugombana. Kala ukiweka tatu chumbani, macho yanakwenda hapo na kutulia. Ndiyo maana watu wanaliita la kisasa, ingawa kisasa chenyewe kina umri wa kutosha kuwa na wajukuu: maharusi wa Ulaya na Marekani wa miaka ya 1930 walishabeba kala hivyo hivyo, mashina marefu yamelazwa kwenye mkono kama mtu aliyebeba mtoto. Mimi niliuona mtindo ule kwenye picha za zamani nikauiba. Kumi na mbili zilazwe mkononi, zisifungwe duara kama kabichi.

Na lina sifa nyingine ambayo sikuitilia maanani wakati ule. Kila kilichomo ndani yake kinaingia kwenye picha. Ukipiga picha asmini umepiga nukta nyeupe, asmini yenyewe imebaki chumbani. Ukipiga picha kala, kala yote umeibeba kwenye simu, hakuna kilichobaki.

Ndoo nne kutoka mlimani

Maua yalitoka Lushoto. Yuko mama mmoja mwenye bonde lenye kijito, nje kidogo ya mji, na ukingoni mwa maji kala zimejiotea kwa wingi kiasi kwamba zamani alikuwa akizifyeka. Hana jina la kuziita. Husema tu "yale meupe ya bondeni." Wakati wa kuvuna hazikati kwa kisu. Hushika shina chini kabisa, akalizungusha kidogo na kulivuta, linatoka na mlio kama wa kunyofoa muwa laini.

Alinifundisha mambo mawili ambayo sikuyapata kwenye video yoyote. La kwanza, usichukue lililofumba ukidhani litafunguka kwenye ndoo. Lili linafunguka, waridi linafunguka, kala likishatoka shambani hubaki takriban lilivyo, kwa hiyo chagua lile lililokwisha kujiachia. La pili alilisema kama mzaha, akinionyesha kala kuukuu zilizokuwa zimeanza kushika rangi ya kijani kutoka chini: "Haya yakizeeka yanarudi kuwa majani."

Nilicheka pale pia. Nacheka sana, naona.

Mashina 120, ndoo nne, basi la alfajiri. Ukishuka kutoka Lushoto unasikia hali ya hewa ikibadilika kwenye ngozi: Soni bado unavaa sweta, Mombo umelivua, Korogwe umefungua dirisha, Segera unajilaumu kwa nini hukununua maji ya kutosha. Mimi nilikuwa namwagia magazeti yaliyofunika ndoo. Konda alinitoza siti mbili, na haki yake, maana ndoo zilikuwa zimekaa kwenye siti mbili. Muheza abiria mmoja alipanda na gunia la machungwa, na kuanzia hapo mpaka Tanga gari zima lilinukia maganda. Zile ndoo nne za maua hazikuchangia chochote.

Nyumbani nikafunga chumba, nikawasha kiyoyozi mpaka mwisho, nikaanza kazi. Wapambaji wenzangu wataniuliza, kwa hiyo niseme. Shina la kala ni sponji iliyojaa maji. Ukilizamisha kwenye maji mengi linaoza na kuteleza. Maji ya vidole vinne yanatosha, badilisha kila siku. Mwisho wa shina hupasuka na kujikunja nje kama ndizi iliyomenywa, kwa hiyo zungushia utepe wa gundi ulio wazi, pale chini tu, kabla hujaliweka kwenye kioo. Ukitaka shina likunje, liache nje ya maji saa chache lilegee, kisha lipitishe taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada, mara nyingi, kama unayekanda mguu wa mtoto. Joto la mkono ndilo linalolikunja. Ukilazimisha, linavunjika kwa mlio utakaouota usiku.

Na kwa jina la Mungu usiguse weupe. Kidole hakionekani wakati ule. Saa mbili, tatu baadaye panageuka rangi ya chai, na alama haiondoki. Wasichana wanaonisaidia wamenisikia nikilisema hilo mpaka wananiigiza nikigeuka: shika shina, ua usilishike.

Mpaka saa sita usiku mikono yangu ilikuwa ikiniwasha hadi kwenye viwiko. Nilidhani ni sabuni.

Meza ziko uchi

Ukumbini, Jumamosi asubuhi, mama mdogo wa biharusi aliingia, akasimama katikati, akazunguka taratibu.

"Anti, bado hamjaanza?"

Tulikuwa tumemaliza.

Sitawachosha na kikao kilichofuata, kila mpambaji anacho chake. Meza ziko uchi. Jukwaa limepauka. Michango yote ile imekwenda wapi, kwenye maji na vioo? Mjomba wa bwana harusi, mzee mpole aliyetoka Usangi kwa safari ya jana yake, alilisogelea chombo kimoja, akalitazama ua, akauliza kwa upole kabisa tumelinunua shilingi ngapi, kwa sababu kwao linaota kwenye mfereji. Nilimtajia bei. Akatingisha kichwa kama anayempa mtu pole ya msiba.

Kisha mhazini wa kamati akadai dari inavuja. Kulikuwa na matone kwenye kitambaa cha meza ya tatu. Dari haikuwa inavuja. Kala likiwa limeshiba maji na hewa ni nzito, hutoa tone kwenye ncha yake ile iliyochongoka, linaning'inia, linaanguka. Nilimweleza. Alinitazama kama niliyemwambia ua linalia kwa sababu limewakumbuka wazazi wake.

Sikubadilisha kitu. Biharusi alishasema kimya, na nilijiona shujaa wa kimya. Nikachukua boksi la shada, nikaenda Ngamiani, na ya Ngamiani mmeshayasoma.

Kuna dogo moja nimelisahau. Shangazi yake alinipigia njiani: pitia asmini za nywele na kikuba, wa siku zote kasafiri. Nikapitia kwa mama mmoja sokoni, nikachukua zilizokuwa zimeshatungwa tangu asubuhi, nikazitupia kwenye boksi. Sikuzitazama mara mbili. Akili yangu ilikuwa kwenye kala.

Dakika mbili

Nikahi ilipita salama. Saa kumi na mbili kasoro msafara ukaenda Raskazone kupiga picha, bahari nyuma, jua linazama upande wa pili na kuacha mwanga ule ambao wapiga picha hulipwa kuungoja. Mimi nilikwenda na ndoo yenye mashina manane ya akiba. Huwa naenda nayo.

Mpiga picha ndiye aliyeona kwanza. "Dada, hapa pana uchafu."

Nikatazama. Ua la pembeni, lile lililochomoza. Kwenye weupe palikuwa na vidole vitano. Nasema vidole, si madoa. Gumba ndani, vinne nje, rangi ya chai ya rangi, mistari ya ngozi karibu uihesabu. Na mdomoni mwa ua palikuwa na mchirizi wa njano pale upunga ulipokwanguliwa.

Nililegeza utepe, nikalichomoa, nikaingiza jipya, nikafunga. Dakika mbili. Biharusi alikuwa akirekebishwa mtandio, sidhani hata aliona. Lile la vidole nikalitupa kwenye ndoo na mabaki mengine, na usiku wa manane tulipokuwa tukisafisha ukumbi ndoo ile ilikwenda kunakokwenda takataka.

Niliona fahari, niseme kweli. Picha zilikuwa safi.

Ujumbe

Wiki ya pili baada ya harusi aliniandikia WhatsApp. Kwanza shukrani ndefu, mioyo, picha tatu. Kisha kipande cha video, sekunde ishirini hivi, alichokirekodi mmoja wa wenzake: Bibi na shada mapajani, "hili gimbi hili," kicheko, kidole puani.

Chini yake: "Anti lile ua alilolishika Bibi hukuliweka? Nilikuwa nalitafuta kwenye shada silioni. Nilitaka nilikaushe."

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Nikaandika kwamba kala halikaushiki kirahisi, jambo ambalo ni kweli, hunywea na kuwa kama karatasi ya maandazi. Nikafuta. Nikaandika kwamba liliharibika kwa joto. Nikafuta. Mwishowe nikasema kweli: lilikuwa na alama, nikalibadilisha, nikalitupa.

Akaandika, "Aaah. Sawa anti, hamna shida."

Hamna shida. Angelinigombeza ningelala.

Gimbi kweli

Kwa kuwa sikulala, nilisoma. Nilitaka angalau nijue lile nililolitupa lilikuwa nini.

Kala si lili, wala wataalamu wa mimea hawalihesabu tena kuwa kala. Mswidi Linnaeus ndiye aliyelipa jina *Calla aethiopica* mwaka 1753, na mwaka 1826 Mjerumani Sprengel akalitoa humo akaliita *Zantedeschia*, kwa heshima ya Mtaliano mmoja. Wala halikutoka Ethiopia. Wazee wale walisema Ethiopia wakimaanisha huku kwetu kote kwa watu weusi. Kwao hasa ni Afrika Kusini, Lesotho na Eswatini, kwenye mabonde na mitaro. Makaburu wanaliita sikio la nguruwe. Nilipofika hapo nilikumbuka chumba kile, udi na kaswida, nikashukuru kwamba hakuna aliyeniuliza asili yake.

Kisha nikafika kwenye ukoo. *Araceae*. Nikashuka na orodha ya ndugu zake, na ndugu wa kwanza niliyemtambua alikuwa gimbi.

Gimbi. Lile lile la kuchemsha na nazi. Hata kuwasha kwao ni kumoja: ndani ya shina na majani mna sindano ndogo sana za kalsiamu oksaleti, ndizo zinazowasha koo gimbi lisipoiva, ndizo zilizonila viwiko usiku ule. (Wanaotaka kala juu ya keki, nimewahi kuwafanyia. Sitafanya tena bila kufunga shina lote, na ningependa wasiombe.)

Na ule weupe? Ni jani. Jani lililogeuzwa likawa ganda la kufunika maua yenyewe, ambayo ni madogo mno na yamejipanga kwenye ile fimbo ya njano katikati. Mbegu zikishaanza kukua, jani lile hurudi kijani, likaendelea na kazi za majani. *Yakizeeka yanarudi kuwa majani.* Mama wa Lushoto alinionyesha kwa kidole na mimi nilikuwa nahesabu mashina.

Mtoto yeyote aliyekulia kwenye minazi analijua ganda la namna hiyo. Karara. Linapasuka, upunga unatoka, upunga unakuwa kidaka, na karara likikauka tunawashia moto. Mimi nimekulia Pangani. Nimewasha moto kwa makarara mpaka vidole vikanuka moshi. Miaka saba nimeshika kala, na sikuwahi kuliona karara. Kwa sababu gani? Kwa sababu nilijikataza kulishika.

Bibi hakuwa akilidharau ua. Alikuwa akilisoma. Alikosea kimoja tu: alipolirudisha shada alimwambia mjukuu wake kwamba likishanyauka lichemshwe vizuri litalika. Wallahi, lisichemshwe.

Halinukii

Hilo la mwisho ndilo lililonisumbua zaidi, kwa sababu ni kweli na sina la kujibu.

Harusi zetu za pwani zilijengwa juu ya pua. Hebu hesabu: udi kwenye nguo, halud shingoni, rihani na asmini kwenye kikuba, vilua, mlangilangi, waridi lililochambuliwa likatawanywa kitandani. Nyumba zilikuwa na madirisha madogo na taa za mafuta. Mwanamke alifika chumbani kabla hajaonekana. Asmini huchumwa ikiwa bado tumba, jioni, ikafunguka usiku kwenye nywele za mtu. Kazi yake hasa inaanza taa ikizimwa.

Kala taa ikizimwa halipo.

Nilikaa na wazo hilo siku kadhaa, nikaanza kujiona msaliti, nikaandika hata nusu ya makala kali kuhusu maua ya kamera. Ile ni mojawapo ya zile nilizozifuta. Sikuwa mkweli. Ukumbi wa watu mia nne, viyoyozi sita, pilau, na kila mwanamke kajipulizia chupa yake, asmini ya nani itasikika? Mimi mwenyewe udi ukizidi napiga chafya. Na asmini asubuhi huwa uozo wa kahawia kwenye mto, wakati zile kala za ukumbini wageni walizobeba, wengine walikuwa nazo siku tisa baadaye kwenye chupa za maji, zimesimama kama askari. Nazipenda. Nikiona mkunjo wa kala iliyokunjwa vizuri nasikia kitu hapa kifuani ambacho asmini haijawahi kunipa.

Kwa hiyo si hilo.

Nadhani ni kwamba nililipwa ili kufuta alama za watu. Fikiria kazi yenyewe. Kiti kikikaliwa nakinyoosha kitambaa. Meza ikimwagikiwa nageuza. Mtoto akichomoa ua narudishia lingine. Ukumbi mzuri kwa macho yangu ni ule wa saa kumi na moja jioni, kabla hajaingia mtu. Na katika harusi nzima ile, watu mia nne, ni mmoja tu aliyelishika ua kwa nia ya kulijua, na ushahidi wake uliandikwa pale pale, wino wa kahawia, na mimi nikauita uchafu.

Hapana, mpiga picha ndiye aliyeuita uchafu. Mimi sikubisha.

Alasiri

Juzi nilikwenda Ngamiani. Nilibeba kala tatu na pakiti ya maji ya waridi, na hotuba niliyoipanga tangu kituo cha basi. Ningemwambia kwamba alisema kweli kuhusu gimbi, kwamba nimesoma, kwamba Wazungu nao walichelewa kufika hapo. Ningemwomba radhi kwa lile nililolitupa.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. N'nani?"

"Mimi yule mpambaji. Wa harusi."

"Wa harusi." Akafikiri. "Ndiye weye uliyeleta asmini?"

Nikasema nililileta shada, ua lile refu, aliloliita gimbi. Nikamwekea kala mkononi. Akalipapasa shina, bila hamu, kama mtu anayeshikishwa risiti. Hakulikumbuka. Alilisogeza pembeni ya mkeka kwa uangalifu, kisha akanigeukia kwa uso wote.

"Zile asmini nani alizitunga?"

"Nilizinunua sokoni, Bibi. Zilikuwa zimeshatungwa."

"Asubuhi?"

"Asubuhi."

"Zilikuwa zimelegea, na zimeshafunguka. Nilimshika mtoto kichwa baada ya isha nikazisikia." Akasogea karibu, akapunguza sauti ingawa chumbani tulikuwa wawili. "Zililala kabla ya biharusi."

Sikuwa na hotuba ya hilo.

Akaniuliza kama najua kutunga. Nikasema nilifundishwa utotoni nikasahau. Akanishika mkono, akaubonyeza kwenye ncha za vidole, kimoja kimoja, akauliza huu ukurutu ni wa nini. Nikamwambia ni wa lile gimbi lake. Hapo ndipo alipocheka.

"Njoo kesho baada ya alasiri," alisema. "Mti upo uani. Uje na uzi mweupe, na sindano ndefu, si hizi fupi za kushonea vifungo. Na uje mapema, zisijefunguka."